Jozi ya Mbili

Jumatatu ile Fundi alipanda mizani ya wodi akiwa ameshakata shauri kwamba hiyo ndiyo mara yake ya mwisho. Hakumwambia mtu. Alivua koti, akalikunja upande wa ndani kama anavyokunja makoti ya wateja, akausoma uzito wake kwa sauti kavu, kisha akaenda kwenye kiti cha nne, kile cha karibu na dirisha. Akanyoosha mkono wa kushoto, Sista akamchoma sindano zake mbili na kuzibandika plasta. Damu ikaanza safari: inatoka kwa mrija mmoja, inaingia kwenye mashine kusafishwa, inarudi mwilini kwa mrija wa pili. Kazi ya figo mbili ilikuwa sasa inafanywa na sanduku lenye taa, kwa muda wa saa nne, mara tatu kwa wiki. Mpaka lini? Mpaka leo, alijijibu moyoni, na jibu lile likampa amani, ile amani mbaya ya mtu aliyechoka.

Tusimlaumu mapema. Huyu alikuwa mshona suti kwa miaka thelathini na mitatu, na mabwana harusi wa mtaa mzima walikuwa wamesimama mbele ya kioo chake wakiwa na pini mgongoni, wakiogopa hata kupumua. Alikuwa amezoea watu wamtegemee yeye. Kumtegemea mtu hakujua kunaanzia wapi, na mtu mzima wa miaka hamsini na miwili hajifunzi mambo hayo kwa siku moja.

"Fundi," Sista alisema akifungua faili, "ule mstari wetu."

Mstari wenyewe ulikuwa kwenye ukurasa wa kwanza, chini ya jina lake: Ndugu wa karibu. Mbele yake palikuwa peupe. Wiki iliyopita Fundi alikuwa ameanguka ukumbini baada ya mashine, hatua kumi tu kutoka mlangoni, na daktari akasema haruhusiwi tena kurudi nyumbani peke yake. Lazima awepo mtu atakayefundishwa kubana mkono ukivuja damu, kutambua dalili za hatari, na kulala nyumba moja naye. Mtu huyo apatikane kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo.

"Sina mtu, Sista."

"Kila mtu ana mtu."

"Basi mimi nimevunja rekodi."

Uongo mtupu. Alikuwa na mdogo wake wa kike, mwoka mikate katika mji mwingine, mwendo wa saa nne kwa basi. Wazazi wao walipofariki Fundi alikuwa na miaka kumi na tisa, na mdogo wake sita. Akamlea pale pale dukani, chini ya meza ya kukatia vitambaa, na siku alipomeza kifungo cha koti akampachika jina la Kifungo, likamganda hadi leo. Sasa Kifungo alikuwa na nyumba yake, tanuri lake na wafanyakazi wake, na kila alipopiga simu Fundi alimwambia yuko safarini, ana tenda ya kushona sare za shule. Angemwambiaje kwamba kaka aliyemlea leo anashikwa mkono kuvuka ukumbi? Afadhali afe kiume. Hivyo ndivyo alivyofikiri, naye aliona ni fikra nzuri.

"Wewe wa dirishani," ilisema sauti kutoka kiti cha tatu. "Karata unajua?"

Aliyeuliza alikuwa bibi mwembamba wa miaka sabini na kitu, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alikuwa amepanga barua posta maisha yake yote ya kazi, na wodi nzima ilimwita Bi Posta.

"Sijui, mama. Na sina nia. Karata ni mchezo wa watu wasio na kazi."

"Na wewe hapo ulipo una kazi gani?"

Kiti cha pili kikacheka. Hapo alikaa dereva wa lori, mtu wa mwili na nusu, ambaye hata jina lake lilikuwa la mzigo: Tani Kumi. Alicheka akisahau mkono wake, ukakunjika, mrija ukabanwa, na mashine yake ikaanza kupiga kelele, pii, pii, pii. Sista akaja mbio, akamnyoosha mkono, akabonyeza kitufe na kumtolea macho.

"Unaona mateso yangu?" Bi Posta alimwambia Fundi. "Mwenzetu wa tatu kahamia zamu ya asubuhi. Wawili hatuchezi, tunabaki kutazamana tu, na huyu kumtazama saa nne ni adhabu. Nisaidie, mwanangu. Tunacheza poka. Leo tu."

Leo tu. Maneno hayo yalimwingia Fundi vizuri, kwa kuwa kwake yeye kulikuwa na leo tu. Akakubali.

Sista akasogeza kitoroli katikati ya viti vitatu. Karata zilikuwa za plastiki, na kabla ya kuguswa zilifutwa moja moja kwa pamba yenye spiriti. Badala ya pesa walikuwa na vifuniko vya chupa za dawa, vyekundu na vya buluu, mkebe mzima. Kisha Bi Posta akatoa kitu kilichomfanya Fundi akunje uso: brashi tatu mpya za kufulia nguo.

"Za nini hizo?"

"Una mikono mingapi hapa?"

Fundi akatazama. Mmoja tu. Ule mwingine ulikuwa mali ya mashine. Bi Posta akachomeka karata zake tano katikati ya nywele za brashi, zikasimama safu nzuri, migongo ikiwatazama wenzake. Mkono wake wa kulia ukabaki huru. Moyoni Fundi alikubali kwamba aliyebuni jambo hilo angefaa kuwa fundi.

Mchezo wenyewe alielezwa kwa ufupi. Kila mtu anapewa karata tano. Zile asizozitaka, zisizidi tatu, anazirudisha na kupewa nyingine. Anayejiamini anaweka vifuniko katikati, asiyejiamini anatupa karata zake na kukaa kando. Mwishoni waliobaki wanafunua, na mwenye mkono mkubwa, yaani karata tano zenye nguvu zaidi, anachukua vyote.

"Mkono mkubwa ni upi?"

"Utajifunza ukipigwa," alisema Tani Kumi, na kugawa.

Fundi alipata mfalme wa shupaza, malkia wa kopa, ghulamu wa uru na tano mbili. Akawatazama wale watatu kwa jicho la kazi. Koti la mfalme lilikuwa limekatwa vibaya begani, ila kitambaa kilikuwa cha maana. Malkia alikuwa na ukosi mzuri, na ghulamu naye alijitahidi. Zile tano mbili zilikuwa na madoa tu. Hakusita. Akawabakiza wenye mavazi, akatupa zenye madoa. Akaletewa saba moja na karata moja yenye alama moja kubwa katikati.

"Hii yenye alama moja?"

"Hiyo ni ree," alisema Bi Posta. "Ndiyo kubwa kuliko zote."

Kubwa kuliko zote! Ree, mfalme, malkia na ghulamu wamesimama kwenye brashi moja. Fundi akasukuma vifuniko sita katikati bila kupepesa jicho. Tani Kumi akaguna, akatupa zake. Bi Posta akaweka sita vilevile, kisha akafunua: tatu, nane, tisa, na mbili mbili.

Fundi akafunua wakubwa wake taratibu, mmoja baada ya mwingine, kama anayemvisha mteja koti lililokamilika.

"Pole," alisema Bi Posta, akivuta vifuniko kwake.

"Pole ya nini? Mimi nina wafalme humu!"

"Una mkono mtupu, mwanangu. Umejaza wakubwa, lakini kila mmoja kasimama peke yake. Mimi nina mbili mbili. Hiyo ni jozi."

"Mbili? Si ndiyo karata ndogo kuliko zote!"

"Ndogo, ndiyo. Lakini ziko mbili. Na wewe ulitupa nini?"

Tani Kumi akanyoosha mkono mnene, akafunua zilizotupwa. Tano mbili.

"Ungebaki nazo hizo, ungenipiga," alisema Bi Posta. "Mbona ulizitupa?"

Akawaambia ukweli, kwamba hazikuvaa vizuri. Tani Kumi alicheka mpaka mashine yake ikalia mara mbili, na Sista akaapa kumhamishia chumba cha peke yake.

Hapo ndipo Bi Posta alipoanza kumfundisha, na alifundisha kama alivyokuwa akipanga barua, kila kitu na tundu lake. Akamwambia akunje vidole vya mkono wa kulia, kila kidole kinachofuata kikikipiga kilichotangulia.

"Kidole gumba: jozi moja. Barua mbili za nyumba moja, hilo hutokea kila siku. Cha pili: jozi mbili. Cha tatu: tatu za namba moja. Cha nne: mfululizo, tano zinazofuatana kama namba za milango, sita, saba, nane, tisa, kumi, hata kama alama hazifanani. Kidole kidogo: tano za alama moja, zote kopa au zote pau, namba zozote."

"Hizo za alama moja ndizo suti kamili," alisema Fundi, akianza kuvutiwa licha ya nafsi yake. "Hizo ndizo ningeziweka juu kabisa."

"Wewe ungeziweka. Mchezo hauziweki. Vidole vimekwisha, rudia. Gumba tena: nyumba iliyojaa, tatu za namba moja na jozi pamoja. Cha pili: nne za namba moja. Cha tatu: mfululizo ambao wote ni wa alama moja. Huo ukianzia kumi ukaishia kwa ree, hakuna wa kuupiga. Nimeuona mara moja maishani, na sikuwa mimi niliyekuwa nao."

"Nani alipanga hivyo? Kwa nini tatu za namba moja zipige jozi mbili, na huku jozi mbili zina karata nyingi zaidi?"

"Swali zuri. Mkono haupangwi kwa uzuri wala kwa ukubwa wa karata. Unapangwa kwa namna unavyopatikana. Unaokuja mara nyingi ni mdogo, unaokuja kwa nadra ni mkubwa. Basi. Mkono mtupu kila mtu anaupata, hata ujae wafalme."

Saa nne zikaisha. Sista alipochomoa sindano Fundi aligundua kwamba hakuwa ametazama saa ya ukutani hata mara moja. Akaondoka kwa mlango wa nyuma ili Sista asimuulize nani anamsindikiza.

Jumanne alikaa nyumbani akingoja amani yake ya kutorudi, lakini haikuja. Kulikuja kitu kingine cha kijinga kabisa. Alikuwa amelala chali akikunja vidole, jozi, jozi mbili, tatu, mfululizo, na alipofika kwenye mfululizo akakwama. Ree ni kubwa kuliko zote, sawa. Je, ree, mbili, tatu, nne, tano ni mfululizo? Au ree haina ruhusa ya kukaa chini? Alilipima swali hilo upande huu na upande ule. Hakukuwa na wa kumuuliza. Jumatano saa saba mchana alijikuta amevaa koti, amesimama mbele ya mizani ya wodi, na sababu aliyokuwa nayo ya kuendelea kuishi ilikuwa hiyo moja tu.

Mpaka leo Fundi analishukuru swali lile. Huona haya kulisema, kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mtu aliokolewa na jambo kubwa. Yeye aliokolewa na ree.

"Inakaa," Bi Posta alimjibu. "Ree ikitaka kushuka ikae na wadogo, inashuka, na heshima yake haipungui hata kidogo."

Akacheza Jumatano, akacheza Ijumaa, akacheza Jumatatu. Alijifunza haraka, kwa kuwa mtu aliyezoea kukumbuka vipimo vya watu mia hashindwi na mikono tisa. Na alikuwa na kipaji ambacho wenzake hawakuwa nacho. Pale mezani hakuna aliyeweza kuficha furaha. Tani Kumi akipata karata nzuri alichangamka, mkono ukakunjika, mashine ikalia, na wote wakatupa karata zao kabla hajaweka hata kifuniko kimoja. Bi Posta alikuwa na utulivu zaidi, ila naye akipata nyumba iliyojaa presha ilipanda na taa ya njano ikawaka. Ya Fundi haikulia kamwe.

"Sista, hebu mwangalie huyu," Tani Kumi alilalamika. "Nadhani hajachomekwa."

"Uso wake haufunguki," alisema Bi Posta akimtazama juu ya miwani. "Kwenye karata hiyo ni sifa. Huko nje, sijui."

Fundi akajifanya anapanga vifuniko.

Jumatano ya pili walikuwa katikati ya mchezo Sista alipokuja na faili. "Kesho kutwa ndiyo Ijumaa, Fundi. Niandike nani?"

"Andika hana."

Na kana kwamba kulikuwa na mtu aliyekuwa akisikiliza mlangoni, simu yake ikaanza kutetemeka pale juu ya kitoroli, kati ya vifuniko. Jina likawaka kwa herufi kubwa. Fundi akaigeuza kifudifudi.

"Nani huyo?" aliuliza Bi Posta.

"Mteja."

"Mteja anaitwa Kifungo?" alisema Tani Kumi. "Au umeanza kupigiwa simu na mashati?"

Simu ikakatika, ikaita tena. Bi Posta hakuondoa macho yake. Fundi alikuwa mzuri wa kuficha jozi na mfululizo, lakini bibi yule alikuwa amesoma bahasha zilizofungwa kwa miaka mingi mno. Mwishowe akaachia, maneno machache, kwa hasira. Ni mdogo wangu. Nilimlea mimi. Ana tanuri lake na maisha yake. Siwezi kwenda kumtwisha mzigo wa maradhi. Mimi ndiye mkubwa.

Bi Posta akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona likifanywa mezani pale. Alichomoa karata zake zote tano kwenye brashi, mchezo ukiwa haujaisha, akazilaza wazi mbele ya kila mtu.

"Sichezi na wewe."

"Mama..."

"Ngoja nimalize. Unajua kwenye mstari wangu kaandikwa nani? Huyu mpiga kelele. Sikuzaa, na ndugu zangu wote wametangulia. Nilikuja hapa sina mtu wa kumwandika. Sikuwa na majivuno kama wewe, mimi sikuwa na mtu. Tukafahamiana juu ya viti hivi, nikamwomba. Nilimwomba, unasikia? Dereva wa lori, nisiyemjua hata kwao. Ndiye anayenifikisha nyumbani na kuniwekea mto chini ya mkono."

"Na kwenye wangu kaandikwa yeye," alisema Tani Kumi polepole, na kwa mara ya kwanza bila kucheka. "Siku niliyozidiwa, yeye ndiye aliyekaa na mimi wodini siku tatu. Umemwona alivyo mwembamba? Alinishika kichwa nikitapika."

"Mimi ilinibidi niokote," Bi Posta aliendelea. "Wewe umegawiwa mkononi. Umegawiwa, Fundi! Na bado unatupa jozi ubaki na wafalme wako. Sijui nilikuwa nakufundisha nini wiki nzima."

Mashine zikaendelea kuguruma. Uso wa Fundi haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha mwenyewe: kwamba ndani kulikuwa kunabomoka na nje hakuna aliyeona.

Sindano zilipochomolewa hakutoroka kwa mlango wa nyuma. Alikaa kwenye benchi la ukumbini akibana pamba mkononi, Tani Kumi akiwa amemshikilia bega upande mmoja, na kwa kidole gumba akapiga namba.

"Kaka!" Sauti ya Kifungo ilijaa kelele za sinia. "Umeniweka roho juu wewe! Uko wapi?"

"Hospitali."

Kelele za sinia zikanyamaza. "Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii. Figo. Lakini zimeanza kuharibika tangu mwaka jana."

"Na zile sare za shule?"

"Hakuna sare."

"Nilijua. Shule gani inashonesha sare katikati ya muhula? Nilijua unanidanganya, nikadhani umepata mchumba unaona aibu." Akacheka, kisha kicheko kikageuka kilio papo hapo. "Kwa nini, kaka?"

"Sikutaka kuwa mzigo."

Kifungo akasema, "Siku niliyomeza kile kifungo ulinibeba mgongoni mpaka hospitali. Ulikimbia njia nzima. Nilikuwa mzito?"

Fundi akafumba macho. Aliikumbuka ile njia, viatu vyake vilivyokuwa vikiingia maji, na pumzi ya mtoto shingoni mwake.

"Hukuwa mzito."

"Basi nyamaza. Nakuja."

"Kuna mstari hapa," alisema Fundi. "Kwenye faili. Nataka kuandika jina lako."

"Liandike kwa herufi kubwa," alisema mdogo wake.

Akaja kesho yake kwa basi la kwanza, unga ukiwa bado kwenye unyusi mmoja. Hakumsema kaka yake hata neno, jambo lililomtia hofu Fundi kuliko matusi. Alifua mapazia, akapika, akahesabu vidonge, akahamishia godoro lake chumba cha karibu. Mchana Fundi alimsikia akiimba jikoni, akajua amesamehewa. Akaenda kwenye cherehani yake ambayo hakuigusa kwa mwezi mzima, akatoa vipande vya kitambaa cha suti vilivyobaki, vile vizito vya kijivu, akashona polepole hadi jua likaanza kulegea.

Ijumaa Sista alimfundisha Kifungo kubana mkono, kusoma mizani na kujua lini apige simu. Kifungo akaandika kila kitu nyuma ya karatasi ya oda za mikate. Kisha akaweka jina lake kwenye ule mstari kwa mkono wake mwenyewe. Fundi aliutazama mstari ule uliokuwa mtupu, na akaona aibu kwa namna alivyokuwa akiujivunia.

Baada ya hapo akatoa kifurushi chake na kumpa Bi Posta. Vilikuwa vipande vitatu vilivyokazwa kwa ubao mwembamba ndani, kila kimoja na vijifuko vitano vyembamba vya kusimamishia karata, mshono mdogo mdogo usioonekana, na mguu wa nyuma wa kukifanya kisimame chenyewe. Bi Posta alipitisha kidole kwenye mshono kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Asante, mama," alisema Fundi. "Si kwa karata tu."

"Najua si kwa karata," alijibu Bi Posta, akavua miwani kuifuta ingawa haikuwa chafu. "Brashi zirudi kufua."

Wakamvutia Kifungo kigoda. Fundi ndiye aliyemfundisha, akakunja vidole vya mkono wa kulia kimoja kimoja: jozi, jozi mbili, tatu, mfululizo. Kifungo alisahau kila alichoambiwa. Tani Kumi akagawa.

Fundi alipata ree, mfalme, malkia, kumi moja na sita moja. Akatupa ile sita, akangoja ghulamu wa kukamilisha mfululizo. Ghulamu hakuja, ikaja nane. Hata hivyo akasukuma vifuniko vinne na kutulia na uso wake ule ule. Bi Posta akamtazama, akaogopa, akatupa. Tani Kumi akatupa. Kifungo akabaki akikodolea karata zake, ambazo alizishika kwa mikono yote miwili kama mtu mwenye bahati.

"Kaka, mimi nina hizi mbili ndogo tu. Sikuzitupa. Nilizionea huruma." Akaweka vifuniko vinne, akazilaza wazi juu ya kitoroli: mbili ya kopa na mbili ya pau. "Nimeshinda au nimeshindwa?"

Fundi akazitazama. Akamtazama Kifungo, ule unga ambao haukutoka kwenye unyusi hata baada ya kuoga mara mbili. Akafungua mdomo amjibu, lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, na machozi yalikuwa humo humo ndani ya kicheko. Akasahau sindano, akasahau mrija, akakunja mkono kumfikia mdogo wake, na mashine ya kiti cha nne, ambayo haikuwahi kulia tangu aanze kucheza, ikapiga kelele wodi nzima ikageuka.

"Kumbe amechomekwa!" alipiga ukelele Tani Kumi, na ya kwake ikaitikia.

Sista akaja mbio. "Fundi, mkono! Nyoosha mkono!"

"Umeshinda," Fundi alimwambia mdogo wake, akiwa bado amemshika. "Umeshinda, mama. Chukua vyote."